Anza na Aliyenyamaza

Sanamu ya mazoezi haina miguu.
Inaishia kiunoni, kama habari iliyokatwa na umeme.
Tulimwita Mabula, kwa kuwa siku aliyoletwa
paa la darasa lilimvujia kifuani,
na Sista Ng'washi akasema: mwacheni alowe,
wengi mtakaowapokea watafika wamelowa.

Kiganja juu ya kiganja. Viwiko vimenyooka.
Bonyeza, achia kifua kirudi, bonyeza.
Anayehesabu kimoyomoyo anajidanganya; toa sauti.
Mimi nikifika kumi na nane ulimi ulikwama,
mkono ukausubiri ulimi.
"Kumi na nane ni treni ya mizigo," akasema.
"Hesabu mpaka kumi, mara tatu.
Moyo haujasoma hesabu."

Kisha somo la radi. Ilikuwa Machi,
ziwa limekuwa rangi ya sufuria.
"Basi likipinduka, asiyepumua mfungue njia ya hewa.
Akikataa, mpite. Mpite, Nyabuto,
usimtazame mara mbili, wako wanaokungoja.
Lakini radi inageuza foleni.
Anayelia, radi imeshamwacha.
Anza na aliyenyamaza.
Amezimwa kama karabai: mafuta bado yamo."

Niliandika. Nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu.
Kwenye mtihani nilipata swali hilo.

Igombe, giza la mwezi, saa kumi na moja alfajiri.
Watu watano wa mtumbwi mmoja wa dagaa
wakalazwa juu ya turubai la kuanikia,
mvua ikiwapiga bila kuchagua.
Mmoja alikuwa amekaa, anauliza kiatu chake.
Wawili wanagugumia.
Wa nne, Bugingo, mwenye chombo,
mtu wa miaka sitini, amenishika koti:
"Daktari, miguu! Miguu yangu haina habari!"
Nikaigusa. Baridi, ya buluu, kama si yake.

Wa tano hakusema kitu.
Kijana, dagaa wawili wamemganda shingoni,
na kutoka begani mpaka ubavuni
radi imemchora tawi la kangaga,
jekundu, zuri, jani kwa jani.
Nilitafuta mshipa wa shingo. Nikatafuta tena.

"Huyo kashakwenda," mama mmoja akaniambia kwa upole,
kama anayemwelekeza mgeni njia.
"Hudumia wazima."

Nililifungua koti langu kwenye vidole vya Bugingo,
kidole kimoja kimoja, nikamvuka.
Kwetu mtu haivuki miguu ya mtu mzima.
Niliivuka.

Kumi. Kumi. Kumi. Pumzi mbili.
Turubai linateleza, magoti yanakimbia,
Kwilasa mhudumu anaminya mfuko wa hewa
huku machozi au mvua vikimwingia mdomoni.
Kumi. Kumi. Mbavu ikalia chini ya mkono wangu;
Mabula hakuwahi kulia hivyo.
Nyuma yangu Bugingo ananitukana kwa Kijita,
na kila tusi nililipokea kama kipimo:
anapumua, anapumua, bado anapumua.

Mzunguko wa saba mshipa ukanigonga kidoleni.
Moyo umerudi; pumzi haijui kama umerudi.
Basi nikampumulia kwa mkono mpaka mjini,
nyuma ya pikapu, nimekaa juu ya kreti za barafu,
minya, achia, minya, achia,
mpaka vidole vikawa vya mtu mwingine.
Karibu na Kirumba akakohoa, akanitapikia.
Sijawahi kufurahia shati kuchafuka.

Sikio lake la kushoto halisikii tena.
Hakumbuki ziwa, hakumbuki mimi.
Alichouliza ni nani amechukua simu yake.

Siku ya tatu Bugingo akaja wodini kumwona,
kwa miguu yake, iliyorudi ile ile siku
kabla ya chakula cha mchana.
Akasimama mlangoni, kofia mkononi.
Hakunisalimu.
"Ulinivuka," akasema.

"Nilikuvuka, mzee.
Ulikuwa unalia."